Bolti za Nyuma za Nyigu

Ko-tok.

Kimya. Halafu tena: ko-tok. Kitu kizito kilikuwa kinahama mahali pake na kurudi, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kupata usingizi. Nilikuwa nje ya banda la Baba, mkono kwenye kitasa, na sauti hiyo ikanisimamisha. Mimi nachomelea vyuma kila siku ya kazi. Mlio wa chuma kilichokaza naujua, na mlio wa chuma kinachojifanya kimekaza naujua pia.

Nikafungua mlango. Turubai lilikuwa limevutwa pembeni, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na shangazi yangu alikuwa ameinama nyuma ya gari, viganja vyote viwili juu ya buti, analisukuma kulia na kushoto.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Funga mlango, Kiberiti, unanitoroshea sauti."

Kiberiti ni mimi. Yeye ndiye aliyeniita hivyo, kwa sababu anasema sihitaji kusuguliwa sana.

Akasukuma tena. Ko-tok. Akafumba macho. "Umesikia? Si springi hiyo. Si shokamzoba. Ni mkono wa nyuma unatembea." Akanitazama kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. "Leo tunalitoa humu. Baba yako ameniachia ufunguo."

Gari lile liliitwa Nyigu: viti viwili tu, pua ndefu, mkia mfupi, la njano iliyopauka, chini kiasi kwamba ukilikalia miguu inanyooka mbele kama umelala. Baba alikuwa akishindana nalo mbio za kupanda mlima, na Shangazi akikaa pembeni yake kumsomea njia. Watu wa rika lao bado wanawasimulia. Dada mtu anataja kona kabla haijaonekana, kaka mtu anaikata bila hata kumtazama. Kisha siku moja, mimi nikiwa bado nanyonya, mkia wa Nyigu ulichomoka katikati ya kona, gari likagonga ukingo, na Shangazi akavunjika nyonga. Alipona, lakini tangu hapo anatembea kwa kuvuta mguu. Baba hakuumia hata kidole. Watu walisema ameingia kona kwa pupa. Yeye mwenyewe alisema zaidi yao. Alilifunika gari, akarudi kwenye cherehani yake, na hakushika usukani wa gari lolote mpaka wiki hiyo ninayoisimulia.

"Amekubali kulitengeneza?" nikauliza.

"Amekubali liondoke. Anataka nafasi aweke meza ya kukatia vitambaa. Ameniambia, 'Lichukue, dada, lakini mimi usiniite.'" Akacheka kidogo, akapangusa mikono. "Nitamwita. Magari yako mengi mjini, Kiberiti. Ninayemtaka mimi ni dereva. Nataka nikae tena pembeni ya kaka yangu, anipeleke mahali, tukiwa bado tuna macho na magoti. Basi. Shika huko, tusukume."

Hapo ndipo nilipoelewa tunachokitengeneza.

Gereji ya Shangazi ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyolainika kwa mafuta, na nusu yake anaipangisha kwa jamaa mnene tunayemwita Fundi Rangi. Ubavu wa Nyigu uliobonyea yeye ndiye aliyekuwa aunyooshe. Tulipoliingiza alilizunguka, akapiga mluzi.

"Hili gari au kiatu?"

"Kiatu cha mtu anayejua kukimbia," nikamjibu. "Wewe huwezi kukivaa."

"Nikivaa mimi patabaki soli."

Tukaliinua, tukaliweka juu ya stendi, magurudumu yakaning'inia. Kwa wasiojua: kila gurudumu la nyuma la Nyigu limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umefungwa kwenye chasisi kwa bolti moja inayopita ndani ya braketi, yaani kibati kilichokunjwa kama herufi U. Bolti hiyo na braketi hiyo ndizo zinazoliambia gurudumu likae wapi. Zikilegea, gurudumu linajichagulia njia.

Bolti ya kushoto ilikataa kutoka. Tuliilowesha mafuta, tukaipasha moto, nikaipiga nyundo huku nikiitukana, Shangazi akasema nikiitukana kwa adabu itatoka. Ikatoka. Na ilipotoka hakuna aliyecheka.

Ilikuwa imelika. Mahali ilipopita kwenye braketi, meno yake yalikuwa yamesagika na kung'aa, na shingo yake imekuwa nyembamba upande mmoja. Shangazi alichomeka tochi chini ya gari. Tundu la braketi, lililopaswa kuwa la mviringo, lilikuwa limekuwa yai. Alichomeka kidole chake kidogo ndani, akakichezesha, kikapata nafasi.

"Unajua maana yake?" akaniuliza, sauti imeshuka.

Nilijua. Kona ikikaza, mkono unarudi nyuma ndani ya lile yai, gurudumu linageuka lenyewe, na mkia wa gari unakwenda mahali ambapo dereva hakuuambia uende. Siku ile Nyigu alikuwa na usukani wa pili, na aliyeushika hakuwa Baba.

Ningesubiri, ningekuwa mtu mwingine. Niliikwapua ile bolti, nikatoka mbio. Nyuma yangu nilisikia, "Wewe Kiberiti! Rudi hapa!" Lakini nilikuwa nimeshavuka barabara.

Duka la Baba liko mbele ya nyumba yetu. Alikuwa amepiga magoti anapima pindo la suruali ya mteja, mwanamume mmoja mwenye haraka, na pini zimejaa midomoni. Nikaigonga bolti juu ya meza.

"Baba, hii ndiyo iliyogonga ukingo! Siyo wewe! Watu wote waliokusema waje waione!"

Alichomoa pini moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake cha pini. Akasimama. Akaichukua bolti, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye yale meno yaliyosagika. Nilingoja uso wake ufunguke.

"Unajua nani aliifunga hii?" akasema.

Nikaitazama bolti mikononi mwake.

"Niliifunga mimi. Mwanzoni mwa msimu ule wa mbio. Gari liko juu ya jeki, mimi niko chini, nikaikaza mpaka nikasema imetosha." Aliongea polepole, kama anayepima kitambaa kisichotosha. "Miaka yote hii nilidhani mikono yangu ilikosea kwenye usukani. Sasa umeniletea habari kwamba ilikosea kwenye spana. Asante, mwanangu. Naomba nimalizie suruali ya watu."

Mteja alitazama dari. Mimi nilitoka nikiwa na joto masikioni.

Shangazi hakunigombeza kama nilivyotarajia. Alikaa juu ya tairi, mguu wake mbovu ameunyoosha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kumvua mzigo mmoja, ukamvisha mwingine," akasema. "Haya, chukua msasa. Hatutakaa hapa tukilia."

"Twende tukamweleze!"

"Tumweleze nini? Maneno amesikia mengi tangu ile ajali. Tutengeneze kitu akione."

Kuanzia hapo nilimwona shangazi yangu akifanya kazi kama sijawahi kumwona, na mimi nimekulia kwenye gereji yake. Alikataa kabisa kununua bolti ya aina ile ile. Alizunguka maduka ya vyuma na kalipa ya kupimia unene mfukoni, akawachosha wauzaji, mpaka akapata bolti nene zaidi, ngumu zaidi, na zenye shingo ndefu isiyo na meno. Akakata braketi mpya kutoka bamba nene mara mbili ya lile la zamani. Matundu aliyatoboa madogo kwa makusudi, kisha akayapanua kwa mkono, kwa tupa ya mviringo, akisugua, akijaribu, akisugua tena, mpaka bolti ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Si kwa nyundo, wala si kwa kudondoka yenyewe. Alinishika kidole changu akakiweka juu yake. "Sikia. Inaingia kama inaingia nyumbani." Nikasukuma, ikateleza ndani taratibu, na ningeweza kuirudia kazi hiyo siku nzima kwa utamu wake.

Mimi nilikata braketi za zamani, nikaisugua chasisi mpaka ikang'aa. Kati ya braketi mpya na chasisi Shangazi alikata bamba la kutandika, kiraka kipana cha kuusambaza mzigo. Lilikuwa la mraba, pembe nne zimenyooka vizuri, kazi safi. Nilikuwa nimeshashika mashine ya kuchomelea pale kivuli kilipoangukia sakafuni.

Baba alikuwa mlangoni, futi shingoni, ile bolti mkononi, ameifunga kwenye kipande cha kitambaa kama mtu anayerudisha kito cha watu.

"Nimeileta," akasema.

"Weka hapo," akasema Shangazi, bila kuinua kichwa. Lakini niliiona tupa ikisimama.

Hakuiweka. "Nimekuwa nikiitazama. Wewe ungeifunga vipi, dada?"

Shangazi akainuka, akavuta mguu mpaka kwenye meza. Akachukua braketi ya zamani, akaipokea bolti ya zamani, akaichomeka. "Tazama. Meno yameanzia wapi?"

Baba akainama. "Ndani. Meno yako ndani ya tundu."

"Ndani ya tundu. Shingo ni fupi. Gari likitikisika, meno yanasaga kibati, kibati kinasaga meno. Ingekazwa na wewe, ingekazwa na aliyelichora gari hili, ingesagika tu. Sasa hii." Akaichomeka mpya kwenye braketi mpya. "Mahali pa mzigo pako laini. Meno yanaanzia nje, huko yanashika nati tu."

Kidole cha Baba kilikwenda na kurudi kati ya ile ya zamani na ile mpya. "Kama uzi wenye mafundo," akasema hatimaye. "Ukiupitisha kwenye kitambaa, kila mtu akivuta mkono, fundo linakata."

"Hayo hayo."

"Lakini niliikaza vibaya."

"Uliikaza vibaya," Shangazi akakubali, na mimi nikashtuka. "Uliikaza gari likining'inia. Hilo kosa lipo, sitakudanganya ili ufurahi. Mimi nilikuwa nimekushikia taa, na sikujua tofauti. Tulikuwa wajinga wawili wenye gari zuri."

Nilidhani Baba ataondoka. Badala yake macho yake yalikwenda kwenye lile bamba la mraba nililokuwa karibu kulichomelea. Akakunja uso.

"Hili linakaa wapi?"

"Chini ya braketi," nikasema.

"Na pembe hizi?"

"Zimenyooka, Baba. Kazi ya Shangazi hiyo."

"Ndiyo kasoro yake." Akalishika. "Kiraka cha pembe kali hakishonwi mahali penye kuvutwa. Kila nguo niliyoletewa imechanika, imeanzia kwenye pembe. Zungusha hapa, hapa, hapa na hapa."

Fundi Rangi akaacha bomba lake la rangi. "Leo tunafundishwa gari na sketi!"

"Kaa kimya wewe unayepaka mpaka miwani yako," akasema Shangazi. Uso wake ulikuwa umekaza. Kazi ile aliipenda, niliona wazi ilivyomchoma kuguswa. Alilichukua bamba kwa kaka yake, akaligeuza, akalitazama kwa mwangaza, akapiga kofi paji la uso wake mwenyewe. "Ee! Nimekata pembe kama mtoto anayejifunza mkasi. Kaka, chora."

Baba akatoa chaki ya kushonea mfukoni. Akaegemea meza, akazungusha kiganja mara moja kwa kila pembe, bila kipimo, mistari minne myeupe juu ya chuma cheusi. Mimi nilipoipitisha bikari baadaye kwa ubishi, haikupata cha kusahihisha. Nimewaona mafundi wengi wakichora chuma, wakiwa na miwani na rula ndefu kama mikono yao. Baba yangu alikichora kama anakata kola.

Nikasaga kwa grenda nikifuata chaki. Nikachomelea vipande vifupi vifupi, nikiruka upande huu na ule ili chasisi isipinde kwa joto. Kila baada ya kipande tulipima kutoka kona hadi kona kwa uzi uliovutwa. Baba alitoa futi yake shingoni asaidie.

"Hiyo inapima viuno," Shangazi akamwambia.

"Viuno vya watu vinasogea kuliko gari lako, na bado nguo zinawakaa."

Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja, kwa wakati mmoja. Nikatambua kwamba kicheko hicho walikuwa nacho tangu enzi zile, kimefunikwa turubai pamoja na gari. Nikasema tu, "Geukeni, nawasha," maana sikutaka waniangalie usoni.

Injini Shangazi alikuwa ameshaiamsha, na breki ameshazijaribu; kilichobaki kilikuwa kukaza. Tuliliteremsha Nyigu kutoka kwenye stendi, magurudumu yote manne yakakaa juu ya magogo mapana ya mbao, kimo cha kumtosha mtu kulala chini. Bolti zilikuwa ndani lakini hazijakazwa. Ndani ya kila mkono mna bushi ya mpira, Shangazi alinieleza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mpira huo unashika jinsi ulivyokazwa. Ukikaza gari likining'inia, siku zote likiwa barabarani mpira unabaki umejinyonga, mwisho unachanika, na bolti inaanza kucheza. Kwa hiyo linakazwa likiwa chini, na uzito wake wote ndani.

"Uzito wake wote," akarudia, "ni pamoja na watu wake."

Fundi Rangi akainua mkono. "Nipo tayari kukaa."

"Ukikaa wewe nitalikaza kwa ajili ya lori."

"Nitakaa mimi," nikasema.

"Wewe ukikaa na dirisha liko wazi, upepo utakuchukua. Nataka dereva." Akavuta godoro lake la turubai, akajilaza, akajisukuma kwa mguu mzima mpaka akapotea chini ya mkia wa Nyigu. Zikabaki nyayo zake mbili, moja imenyooka, moja imelala upande.

Baba alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. "Weka magunia ya mchanga," akasema. "Uzito ni uzito."

Sauti ya Shangazi ikatoka chini ya gari. "Kweli. Gunia litafaa kabisa. Lakini mimi sitaki gunia."

"Dada, uko chini ya hilo gari."

"Najua niliko."

"Niingie mimi humo, na wewe uko chini?"

"Ndiyo."

Hapo hakuna aliyetania. Hata Fundi Rangi alianza kupangusa kitu ambacho kilikuwa safi. Nilitaka kusema neno, nilikuwa nalo mdomoni, la moto. Nililimeza. Ndilo neno pekee nililomeza wiki ile.

Baba akasogea. Hakwenda kwenye mlango wa gari. Alikwenda kwenye gogo la kwanza. Akapiga magoti, akalisukuma kwa mkono, akalisukuma kwa bega. Akaenda la pili. Akayazunguka yote, akazipiga kwa kisigino kabari zilizozuia magurudumu, akarudi kwenye lile lililo karibu kabisa na kichwa cha dada yake, akalisukuma mara nyingine. Magoti ya suruali yake, suruali aliyoishona na kuipiga pasi mwenyewe, yalijaa mafuta. Kisha akafungua mlango, akaingiza mguu mmoja, akashika ukingo wa paa, akajishusha.

Niliona mkia wa Nyigu ukizama kidogo. Unene wa kidole, si zaidi. Nikasikiliza: hakuna ko-tok.

"Kiberiti!" Shangazi akaita. "Kaa kwenye kiti changu. Ubebe sanduku la spana mapajani ufikie kilo zangu."

Nikaingia, nikapakata sanduku. "Nilete na jeki?"

"Mpumbavu! Mimi si mzito hivyo."

Baba alikuwa ameuweka mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mapajani. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa gereji na makopo ya rangi, lakini yeye alikuwa anatazama kana kwamba kuna barabara.

"Usipumue sana, Kaka. Naanza kushoto."

Chini yetu spana ya kipimo, ile inayolia nguvu ikitosha, ikazunguka, ikazunguka, ikagota: ka! Nilihisi mgoto huo mgongoni. Godoro likakwaruza sakafu kwenda upande wa pili. Spana ikazunguka tena, na mara hii ilichelewa, nadhani aliirudia makusudi kidogo kidogo, kama anayemalizia chakula kitamu. Ka!

"Zimekaa," akasema. "Kiberiti, shuka. Kaka, nawe unaweza kushuka."

Mimi nikashuka na sanduku langu. Baba hakushuka.

"Mbona kimya huko juu?" Shangazi akauliza. "Umelala?"

"Nakusubiri utoke."

"Nikitoka?"

Mkono uliokuwa mapajani ulipanda, ukashika usukani upande wa pili. Alipoongea hakuinua sauti, lakini gereji nzima ilimsikia.

"Ukitoka unawe mikono, uje ukae hapa pembeni. Leo nitakupeleka mpaka mwisho wa barabara hii na kukurudisha. Kesho mbali zaidi. Na siku yoyote utakayotaka kwenda popote, usiombe lifti kwa mtu mwingine. Wewe nitajie kona, dada yangu, mimi nitaendesha. Nakuahidi."